Kitenzi cha Kifaransa kikikushinda kutamka, hesabu silabi zake mara mbili

Mwanafunzi anaandika *ils parlent* bila kosa, kila herufi mahali pake. Akiambiwa asome kwa sauti, kitenzi kinatoka na silabi nne: "pa-ri-le-nti". Sikio la Mfaransa lilikuwa linangoja silabi moja tu, [parl]. Kosa hili halitokani na uzembe wala ulimi mzito. Limetoka kwenye Kiswahili, lugha ambayo kila irabu iliyoandikwa hutamkwa, na kila irabu inayotamkwa hubeba silabi yake.

Kifaransa kina hesabu mbili. Kuna silabi za karatasi, zile unazokata ukifika mwisho wa mstari, na kuna silabi za mdomo. *Parlent* ina mbili za karatasi, par-lent, na moja ya mdomo. Matatizo mengi yaliyo hapa chini huja mtu anapoisoma hesabu ya karatasi kwa sauti. Tafuta dalili inayofanana na yako, anza hapo. Pale ambapo lugha ya kwanza inabadilisha kosa, kama vile Gĩkũyũ na Kikalenjin kule Nakuru, Dholuo Kisumu, Lubukusu Bungoma au Ekegusii Kisii, tumesema hivyo, kwa sababu dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Alama tunazotumia

Ndani ya mabano ya mraba tunaandika sauti, si tahajia, na nukta inatenga silabi. [sh], [ny], [y] na [w] zisome kama za Kiswahili. [zh] ni [sh] iliyotiwa mtetemo wa koo, jinsi z ilivyo kwa s. [r] daima ni ya kooni: ni ndugu wa gh ya *lugha* na *shughuli*, mradi unaitamka kama watu wa Pwani. Ukizoea kusema "luga" na "shuguli", fanyia mazoezi gh kwanza, maana r ya Kifaransa iko hatua chache tu kutoka hapo. [u] ni ile inayoandikwa *ou*. [ü] ni *u* ya Kifaransa: weka ulimi kama unasema i, kisha kunja midomo kama unasema u. [ö] ni *eu*: ulimi wa e, midomo ya o. [é] ni e ya kubana na [è] ni e ya kufungua mdomo. [ə] ni ile e hafifu ya *je* na *le*. [ã], [õ] na [ẽ] ni irabu zinazopitia puani.

Kukata kwenye karatasi, kwa haraka

Konsonanti moja ikiwa kati ya irabu mbili huenda na irabu ya pili: fi-nir, a-voir, de-ve-nir. Zikiwa mbili, zitenganishe: par-tir, gar-der, ap-pe-ler. Lakini konsonanti kama p, b, t, d, c, g, f au v ikifuatwa na l au r, hizo mbili hazitengani: ou-vrir, ren-trer, ré-gler. *Ch*, *gn* na *ph* ni sauti moja kila moja, kwa hiyo mar-cher, ga-gner, té-lé-pho-ner. Mwishoni mwa mstari usikate kati ya irabu mbili zinazofuatana, usikate kando ya y iliyo kati ya irabu, na usikate penye ritifaa ('). Ndiyo maana *créer* na *payer* huhamishwa nzima kwenda mstari unaofuata. *Parle-t-il* hukatwa hivi: parle- halafu t-il.

Konsonanti pacha zina ujanja wake. Karatasi inasema ap-pe-ler, lakini sikio linasikia p moja tu. Usiikazie.

Haya ndiyo yote ambayo karatasi inaweza kukufundisha. Sasa mdomo.

Dalili: silabi inazidi mwishoni

Unasema "parles" kwa silabi mbili, "parlent" kwa tatu, na mwalimu anakukatiza kila mara.

Sababu ni miisho isiyotamkwa. Katika vitenzi, miisho *-e, -es, -ent* (ya wingi), *-s, -t, -x, -d* na *-ds* huandikwa kwa ajili ya jicho. *Je parle, tu parles, il parle, ils parlent*: tahajia tatu, sauti moja, [parl]. Hakuna namna ya kumsikia mtu akitofautisha *il parle* na *ils parlent*. Muktadha ndio unaoamua. Ukijilazimisha kuonyesha wingi kwa kutamka *-ent*, umeongeza silabi ambayo haipo katika lugha hiyo.

Shida ni kwamba *-ent* hiyohiyo wakati mwingine hutamkwa. *Il vient* ni [vyẽ], *il sent* ni [sã], *il ment* ni [mã]. Na yapo maneno yanayofanana herufi kwa herufi: *excellent* kama sifa ni [èk.sè.lã], lakini *ils excellent*, wanafanya vizuri sana, ni [èk.sèl]. *Content*, mwenye furaha, ni [kõ.tã], *ils content*, wanasimulia, ni [kõt]. Usikariri orodha. Uliza swali moja: mtendaji ni nani? Akiwa *ils, elles* au nomino ya wingi, *-ent* ni ya kunyamazia. Akiwa *il, elle, on* au nomino ya umoja, basi *-ent* ni sehemu ya shina na hupitia puani.

Jaribu kwa sentensi ya Ziwa Nakuru: *Les flamants s'envolent*, heroe wanaruka. Silabi za mdomo ni tano: [lé.fla.mã.sã.vol]. Ukipata sita au saba, rudi kwenye neno la mwisho. Halafu ya Kisumu: *Les pêcheurs rentrent*, wavuvi wanarudi. Hapa ni nne, [lé.pè.shör.rãtr], na silabi ya mwisho imebeba konsonanti mbili nyuma yake.

Kwa *-aient* ya imparfait (wakati uliopita wa kuendelea, "nilikuwa nikisema"), herufi tano zinatoa sauti moja: *ils parlaient* ni [par.lè], sawa kabisa na *je parlais* na *il parlait*. *Qu'ils aient* ni [kil.zè] tu.

Nje ya kundi la *-er*, wingi husikika mara nyingi, ila kwa konsonanti inayozinduka mwishoni, si kwa silabi mpya. Soma jozi hizi kwa sauti ukigonga meza kila silabi. Idadi ya kugonga isibadilike kati ya umoja na wingi:

il finit [fi.ni], ils finissent [fi.nis]
il lit [li], ils lisent [liz]
il met [mè], ils mettent [mèt]
il dort [dor], ils dorment [dorm]
il sait [sè], ils savent [sav]
il boit [bwa], ils boivent [bwav]
il peut [pö], ils peuvent [pöv]

Katika *peuvent* mdomo hufunguka kidogo zaidi kuliko katika *peut*, lakini hilo litakuja lenyewe ukishaipata v.

Dalili: irabu ngeni inaingia kati ya konsonanti

Umeshaacha kutamka *-ent*, lakini *parle* bado inatoka "pari-l" au "pa-ru-le", *vivre* inakuwa "vi-vi-re", *prendre* inakuwa "pra-nde-re".

Kiswahili hupenda silabi wazi, yaani inayoishia kwa irabu, na ulimi ukikuta konsonanti imesimama peke yake unaipa irabu ya kuegemea. Ndivyo *school* ilivyozaa skuli. Wasemaji wa Gĩkũyũ, Luhya na Ekegusii wana tabia hiyo mara mbili, kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili. Wasemaji wa Dholuo na Kikalenjin wana nafuu kubwa: Kipkorir ni Kip-ko-rir, silabi tatu, mbili zake zimefungwa, na hakuna anayeongeza irabu. Wao wakikosea hapa, ni kwa kuwa wanasoma Kifaransa kwa mdomo wa Kiswahili. Waambie wasome kwa mdomo wa nyumbani.

Kwa wengine, anza na maneno ya Kiswahili ambayo tayari yana silabi funge: lab-da, mak-ta-ba, dak-ta-ri, al-fa-ji-ri. Sema *lab-* ya *labda* kisha simama kabla ya *da*, midomo ikiwa imefungwa. Hiyo ndiyo hali ya mdomo mwishoni mwa silabi ya Kifaransa. Fanya hivyo kwa *al-*, kisha hamia [bal], [vol], [parl]. Kwa vitenzi vya *-re* jenga kutoka nyuma: [r], [dr], [ãdr], [prãdr]. *Prendre* ikisimama peke yake ni silabi moja ya mdomo. Ikifuatwa na konsonanti, e yake hurudi ili kupisha njia: *prendre le bus* ni [prã.drə.lə.büs], silabi nne. Hiyo [ə] ya *-dre* ni halali na Wafaransa wenyewe huiweka. Ile ya "pra-nde-re", kati ya d na r, haipo kabisa.

Kumbuka pia kuwa r ya mwisho hunyamaza katika infinitif (umbo la msingi la kitenzi) ya *-er* pekee. *Parler* ni [par.lé], lakini *finir* ni [fi.nir] na *voir* ni [vwar].

Dalili: n na m zinahama silabi

Hii ndiyo inayotutambulisha haraka kuliko zote, na inastahili muda wako mwingi.

Kiswahili hukata ka-nda, ta-mbo, cha-nga. N na m hujibandika kwenye konsonanti inayofuata na kuwa kitu kimoja nayo. Ukiingia na kisu hicho kwenye *demander* unapata "de-ma-nde", na *sembler* inakuwa "sa-mble". Kifaransa kinakata de-man-der, sem-bler. N hubaki na irabu iliyo kushoto kwake, kisha inayeyuka ndani ya irabu hiyo. Kinachosikika ni irabu ya puani, na n yenyewe haitamkwi: [də.mã.dé], [sã.blé].

Kujipima ni rahisi. Sema silabi [mã] uivute kwa sekunde tatu. Ulimi ubaki umelala. Ncha yake ikigusa ufizi wa juu, umetamka n. Kisha bana pua kwa vidole ukiendelea kuvuta: sauti ikibadilika, hewa ilikuwa inapita puani, uko sawa. Isipobadilika, unasema [ma] ya kawaida. Ukishaipata, weka nafasi ndogo, [mã] … [dé], na upunguze nafasi hiyo taratibu bila kuruhusu ulimi uruke mapema kwenda kwenye d. Wasemaji wa Gĩkũyũ wasikimbilie hatua ya mwisho, kwa sababu d isiyo na n mbele yake ni ngeni katika lugha yao na ulimi utajaribu kurudisha *nd*. Wafanye kwanza [dé, dé, dé] peke yake.

Tahajia inasema hivi kwa ufupi: *an, am, en, em* hutoa [ã], *on, om* hutoa [õ], *in, im, ain, ein* hutoa [ẽ], na pia *en* ikitanguliwa na i, kama *vient*.

Sasa nusu ya pili ya tatizo. Irabu ni ya puani iwapo tu n au m inafuatwa na konsonanti nyingine au ni mwisho wa neno. Ikifuatwa na irabu, au ikiandikwa pacha, pua hufungwa na n hutamkwa wazi. Ndiyo maana kitenzi kimoja hubadilika sauti kikibadilisha nafsi:

il vient [vyẽ], nous venons [və.nõ], ils viennent [vyèn]
il prend [prã], nous prenons [prə.nõ], ils prennent [prèn]
il craint [krẽ], nous craignons [krè.nyõ], ils craignent [krèny]

*Tenir* hufuata *venir*. *Comprendre* na *apprendre* hufuata *prendre*. *Peindre* hufuata *craindre*. Anayesema "ils vyẽ" kwa wingi amesahau kwamba nn inaizuia pua. Vitenzi viwili vya kila siku vinavunja kanuni ya pacha: *emmener* ni [ãm.né] na *ennuyer* ni [ã.nüi.yé], kwa sababu *em-* na *en-* hapo ni viambishi vilivyobandikwa mbele ya shina.

Dalili: hujui e ya katikati itamkwe au iachwe

Inatokea zaidi kwenye futur (wakati ujao, "-ta-") na conditionnel (hali ya "-nge-"). Mmoja anasema *aimera* kwa silabi tatu, mwingine anasema *parlera* kwa mbili, na wote wawili wamekosea.

Hesabu sauti za konsonanti zilizo mara tu kabla ya e. Sauti, si herufi. Ikiwa ni moja, e huangushwa. Zikiwa mbili, e hubaki, la sivyo konsonanti tatu zitagongana.

*Aimera*: kabla ya e kuna [m] peke yake, kwa hiyo [èm.ra], silabi mbili, ingawa karatasi ina ai-me-ra. *Donnera*: nn ni sauti moja, [don.ra]. *Mangera*: n imeyeyuka kwenye irabu, imebaki [zh] tu, [mãzh.ra]. *Demandera*: [də.mãd.ra]. Lakini *parlera* ina [r] na [l], kwa hiyo [par.lə.ra], silabi tatu. Vivyo hivyo *gardera* [gar.də.ra], *marchera* [mar.shə.ra], *montrera* [mõ.trə.ra].

E iliyotanguliwa na irabu haitamkwi kamwe: *jouera* [zhu.ra], *étudiera* [é.tü.di.ra], *créera* [kré.ra]. Hapa ndipo wengi husema "zhu-e-ra" kwa kuwa Kiswahili hakina shida na irabu zinazofuatana. *Kuelea* ina nne na kila moja hutamkwa.

E hurudi mbele ya *-rions* na *-riez* hata kama konsonanti iliyotangulia ni moja, kwa sababu r na y zinazofuata tayari ni mbili. *Nous aimerons* ni [èm.rõ], silabi mbili baada ya nafsi. *Nous aimerions* ni [è.mə.ryõ], tatu. Tofauti ya i moja kwenye karatasi imeongeza silabi nzima mdomoni, na ndiyo inayotenganisha "tutapenda" na "tungependa".

E ya silabi ya kwanza, kama *venir, lever, demander*, itamke. Wafaransa wakiongea haraka huimeza mara nyingi, lakini mwanafunzi anayeitamka haonekani wa ajabu, ilhali anayeimeza vibaya haeleweki. Kusini mwa Ufaransa e nyingi tulizoziangusha husikika, na waimbaji huzirudisha ili kujaza mapigo ya muziki. Kwa hiyo wimbo usiutumie kama ushahidi wa hesabu ya silabi za mazungumzo.

Dalili: acheter inakuwa j'achete, bila alama

Hili hujitokeza kwenye imla, lakini chanzo chake ni sikio. *Acheter* ni [ash.té]: e ya katikati imeangushwa. Katika *j'achète*, e ya mwisho ndiyo iliyonyamaza, basi silabi inayobaki mwishoni ni [shèt], silabi funge, na haiwezi kusimama juu ya e hafifu. Lazima e hiyo ipate nguvu iwe [è]. Tahajia huonyesha nguvu hiyo kwa njia mbili: alama, *lever* → *je lève* [lèv], *acheter* → *j'achète* [zha.shèt], au konsonanti pacha, *appeler* → *j'appelle* [zha.pèl], *jeter* → *je jette* [zhèt].

Ukilielewa hilo huhitaji kukariri nafsi zipi zina alama. Sema umbo kwa sauti. Kama silabi inayofuata ile e imenyamaza, weka alama au pacha. Kama inatamkwa, acha: *nous achetons* [ash.tõ], *vous appelez* [a.plé]. Futur hufuata sauti ileile yenye nguvu: *il achètera* [a.shèt.ra], *elle appellera* [a.pèl.ra].

*Préférer* ilikuwa na mgogoro: *il préfère* kwa è, lakini *il préférera* kwa é mbili ilhali watu wanatamka [pré.fèr.ra]. Marekebisho ya tahajia yaliyochapishwa katika Journal officiel, gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa, tarehe 6 Desemba 1990 yaliruhusu *préfèrera*. Maandishi yote mawili utayakuta. Matamshi ni hayohayo.

Dalili: -ions na -ier zinakuchanganya, mara silabi moja, mara mbili

Kwa kawaida i hapo ni kiyeyusho tu, yaani [y] isiyobeba silabi: *nous parlions* [par.lyõ], *nous voulions* [vu.lyõ], *étudier* [é.tü.dyé]. Lakini ikitanguliwa na konsonanti pamoja na r au l katika silabi moja, i haipenyi. Inasimama kama irabu kamili na kuzaa y nyuma yake: *nous voudrions* [vu.dri.yõ], *nous ouvrions* [u.vri.yõ], *oublier* [u.bli.yé], *crier* [kri.yé]. Kanuni hiyohiyo inaongoza *ou*: *jouer* ni [zhwé], silabi moja, lakini *trouer* ni [tru.é], mbili.

Y kati ya irabu mbili ihesabu kama i mbili, moja kwa kila upande. *Payer* ni [pé.yé], *envoyer* ni [ã.vwa.yé], kwa kuwa i ya kwanza imeungana na o kuwa *oi*, yaani [wa] ya *wali*. Ikigeuka i, kiyeyusho kinapotea: *il envoie* [ã.vwa], *ils voient* [vwa]. Silabi moja kwa herufi sita za *voient*. Na *-ill-* baada ya a ni [y]: *travailler* [tra.va.yé], *ils travaillent* [tra.vay].

Dalili: é na è zote zinatoka e moja

Kiswahili kina e moja, lakini huenda lugha yako ya nyumbani ina mbili bila wewe kuifikiria. Msemaji wa Gĩkũyũ anazo tayari: ĩ iko karibu sana na é, na e ya Gĩkũyũ ni è. Aandike *parlé* kama "parlĩ" na *parlais* kama "parle" kwenye daftari lake la siri, atashangaa jinsi mambo yanavyokuwa mepesi. Ekegusii nayo ina irabu saba, ingawa huandikwa kwa herufi tano. Dholuo ina jozi za irabu zinazotofautishwa na shina la ulimi, hata kama maandishi yana e moja. Msemaji wa Lubukusu, mwenye irabu tano kama za Kiswahili, ndiye wa kufanya kazi zaidi: atabasamu kwa é, ashushe taya kwa è.

Tofauti hiyo ndiyo inayotenga *j'ai parlé* [par.lé], nimesema, na *je parlais* [par.lè], nilikuwa nikisema. *Parler, parlé, parlez* zote ni [par.lé]. Kwa *je parlerai* na *je parlerais*, Wafaransa wengi hawatofautishi tena. Jifunze tofauti, lakini usikose usingizi kwa ajili yake.

Dalili: unasema "wana", wanasikia "ni"

*Ils ont*, wana, ni [il.zõ]. *Ils sont*, wao ni, ni [il.sõ]. Herufi s iliyolala mwishoni mwa *ils* huamka ikikutana na irabu, inageuka z, na kuhamia silabi inayofuata. Dholuo na Kikalenjin hazina z, kwa hiyo msemaji asipojihadhari anasema [il.sõ] mara zote mbili na maana inapinduka. Weka kiganja kooni: [z] lazima itetemeshe, [s] haitetemi. Kosa hilohilo hugusa *ils lisent* na *nous faisons*, ambapo s iko kati ya irabu mbili. Ss hubaki [s]: *nous finissons* [fi.ni.sõ].

Sauti [sh] nayo haipo Dholuo, na *chercher* hutoka "serse". Aliyezoea kusema *shule* kwa Kiswahili sanifu anayo tayari. Aikumbushe mdomo kwa neno hilo.

Silabi hukatwa juu ya kundi zima la maneno, si neno moja moja. *Elle arrive* ni [è.la.riv], *on a* ni [õ.na], *nous avons* ni [nu.za.võ]. Katika *il aime* [i.lèm] na *ils aiment* [il.zèm], ile z ndiyo pekee inayokuambia kuwa ni wengi. Ukiuliza swali kwa kugeuza, t huzinduka: *parlent-ils* [par.lə.til]. Hata d husomwa t: *vend-il* [vã.til]. H ya *haïr* huzuia haya yote: *ils haïssent* ni [il.a.is], bila z, wakati *ils habitent* ni [il.za.bit].

Dalili: silabi ni sahihi, bado inasikika kama Kiswahili

Ni shadda. Kiswahili huiweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: Na-KU-ru, Ki-SU-mu. Kifaransa huiweka kwenye silabi ya mwisho inayotamkwa ya kundi, na huionyesha kwa kuirefusha zaidi kuliko kuipigia kelele. *Il parlera* ni [il.par.lə.RA]. Ukisema "par-LE-ra" umeipa nguvu e ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Gonga meza kwa nguvu sawa kwa kila silabi, na kwa ya mwisho uache mkono ukae mezani.

Vichache visivyofuata kanuni yoyote ya hapo juu

*Nous faisons, je faisais, faisant*: *ai* hapo ni [ə], hivyo [fə.zõ], [fə.zè], [fə.zã]. *J'ai eu* ni [zhé.ü], *eu* ya *avoir* ni [ü] tu. *Je suis* ni silabi mbili, [zhə.süi], si tatu. *Nous sommes* [som], *vous êtes* [vu.zèt], *vous faites* [fèt], *vous dites* [dit]: silabi ya kitenzi ni moja kila mahali. *Je hais* ni [zhə.è], lakini nukta mbili juu ya i hutenganisha irabu katika *nous haïssons*, [a.i.sõ].

Jipime

Kwa anayejiandaa kwa karatasi ya mazungumzo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, jirekodi kwa simu ukisoma sentensi hizi, kisha sikiliza ukihesabu kwa vidole.

*Ils habitent à Nakuru et travaillent à Kisumu.* Silabi 14: [il.za.bi.ta.na.ku.ru], [é.tra.va.ya.ki.su.mu]. Saba kila upande. Ukipata zaidi, *-ent* imerudi.

*Elle vient demain, elles viennent demain.* Nne na nne: [èl.vyẽ.də.mẽ] na [èl.vyèn.də.mẽ]. Kinachobadilika ni kwamba kwa wingi pua hufungwa na n husikika.

*Nous voudrions manger, ils mangeront.* Sita na tatu: [nu.vu.dri.yõ.mã.zhé], [il.mãzh.rõ]. Ukipata tano upande wa kwanza, *-drions* umeibana. Ukipata nne upande wa pili, ile e ya *mangeront* bado unaitamka.